Kigoda cha Baba Mkwe na Fundo la Mbuzi

Haya, chekeni sasa hivi mmalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa: mimi Yustina mnayeniona hapa, mke wa Fundi cherehani wa Nyaishozi, nilikutwa mchana kweupe nimevaa mabuti ya mume wangu, kisu mkononi, na mume mwenyewe nimemfunga kamba kwenye nguzo ya nyumba, na aliyenikuta si jirani wala mpita njia, ni baba mkwe. Mpaka leo nikipita sokoni wapo wanaonitazama mikono kwanza ndipo waitikie salamu.

Chanzo ni sinema. Gari la sinema lilipokuja kwetu mara ya kwanza, wenyewe waliomba ghala la kahawa, wakaziba madirisha kwa magunia ili kuwe giza, tukajazana humo Jumamosi mchana, wengine juu ya kahawa yenyewe. Picha ya kwanza ilihusu kuchimba choo (hiyo hakuna aliyeitazama), ya pili ndiyo iliyoniponza. Bibi mmoja wa Kizungu, tajiri, mabuti meusi mpaka magotini, kiboko mkononi, kakaa kwenye kiti kirefu, na chini yake mwanamume mzima kafungwa kamba anatetemeka. Mtafsiri akapaza sauti, "Huyo ni mwanamke mwovu! Mtazameni vizuri!" nasi tukamzomea. Mwishoni akatokea jamaa mwenye kofia, akampiga yule bibi kofi, kofi moja tu jamani, naye akalia, akamwangukia kifuani, akawa mpole, na picha ikaisha anamkaangia mayai. Ghala zima likapiga makofi. Na mimi nilipiga, sitawadanganya.

Sasa wakati wa kurudi Fundi hakupanda baiskeli, aliisukuma tu njia nzima, anapiga kengele wala mbele yake hakuna mtu. Kesho yake hivyo hivyo, keshokutwa hivyo hivyo: anashona, anafumua, ananitazama, nikimtazama anainama. Chakula hakimalizi. Nikajua tayari, huyu kapata mwanamke. Na mimi kutulia sijaumbiwa (mama yangu alikuwa akisema nikikaa kitako ujue naumwa), kwa hiyo siku ya nne nikamsimamia mbele ya cherehani.

"Sema. Yuko Rugu au yuko Ihanda?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke wako."

Akacheka mpaka akajichoma sindano, halafu kicheko kikaisha, akasema polepole kwamba picha ile haimtoki kichwani, na si kwa sababu ya yule bibi, ni kwa sababu ya yule aliyefungwa. "Kutwa nzima mimi ndiye napima, ndiye nakata, ndiye naamua," akasema, "nikirudi ndani nako mimi ndiye kichwa cha nyumba. Natamani siku moja tu nisiamue kitu. Uamue wewe, uniamuru, mimi nitii."

Nilitaka kucheka, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyevua nguo mbele yako, humcheki mtu wa hivyo. Nikamwambia, "Lakini yule wa kwenye picha alikuwa anaogopa."

"Yule hakuulizwa," akasema Fundi.

Basi tukaanza kuulizana, na msidhani lilikuwa jambo la dakika mbili, tulipanga kama watu wanaopanga posa. Kiboko hakuna, nikasema mimi, nikitaka kuchapa nitachapa hewa kwa ile futi yako ya kupimia nguo. Akisema "basi," ni basi, papo hapo. Na mimi nikichoka nami naruhusiwa kusema basi. Nikamuuliza kama anataka kweli, akasema anataka. Nikamuuliza tena kesho yake, na tena asubuhi ya siku yenyewe, ambayo ilikuwa siku ya gulio, watu wote wameteremka sokoni, kibanja chetu cha migomba kimya.

Tungefanyia chumbani yasingetokea yaliyotokea. Lakini yule bibi alikuwa na kiti kirefu, na mimi kiti sina, maana kwetu mwanamke hukaa chini, kwenye nyasi zilizotandazwa. Kiti kilichokuwamo ni kigoda cha baba mkwe, ambacho hukikalia yeye akija, hakikaliwi na mwanamke, wala hakitolewi sebuleni. Nikawaza, kama kigoda hakiendi chumbani, basi sisi tutakwenda kwenye kigoda. Uamuzi mdogo kabisa. Na mlango nikauacha wazi ili tupate mwanga.

Nikavaa mabuti yake, nikamfunga mikono kwenye nguzo, nikakaa. Jamani, niseme ukweli? Mgongo ulininyooka wenyewe. Tangu nipate akili nimepigia watu magoti, baba, wajomba, wakwe, mpaka vijana niliowazidi umri, na sasa mtu mzima kapiga magoti anasubiri neno langu! Nikamwamuru asifu maharage yangu. Akasifu. Nikamwamuru akiri kwamba jirani yetu Bonifasi hajui kupogoa kahawa. Akakiri, tukacheka wote wawili, nikapiga hewa na futi yangu, na yeye alikuwa ametulia, mwepesi, sijamwona hivyo tangu harusi.

Kisha akasema, "Basi, Yustina, mkono unakufa ganzi."

Nikaruka palepale. Tatizo ni kwamba mimi fundo nililolijua maishani ni moja, lile la kufungia mbuzi, ambalo mbuzi akivuta ndivyo linavyozidi kukaza, na Fundi alikuwa amevuta wakati wa kucheka. Nikatumia kucha, nikatumia meno, wapi. Nikakimbilia jikoni kuchukua kisu, natoka nacho mbio, uso kwa uso na baba mkwe na wanaume wanne, Bonifasi akiwamo, wamekuja kuchukua ule mtumbwi wa kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi, ambao tulikuwa tunautunza nyuma ya nyumba.

Mkwe akimwona baba mkwe hupiga magoti. Mwili wangu haukungoja nifikiri, ukapiga magoti, lakini mabuti yale yalikuwa makubwa na magumu, hayakukunjika, nikaanguka kifudifudi miguuni pake, kisu kikatangulia mbele. "Shikamoo baba," nikasema nikiwa bado ardhini (adabu haikunitoka, hilo mnikubalie). Na Fundi kutoka ndani, maskini, hajui kitu, anaita, "Kisu umekipata? Fanya haraka!"

Wakaingia. Bonifasi alikuwa wa kwanza kutoka, akapiga enduru, ule ukelele wa hatari ambao kwetu ukiusikia huulizi cha kuuliza, unashika ulichonacho unakimbia. Na gulio zima lilisikia. Wakaja na fimbo, na mikuki, na mwanamke mmoja alikuja na mkungu wa ndizi kichwani, hakupata pa kuutua. Akaja katekista. Akaja mama mkwe, kimya kama desturi yake, akasimama nyuma ya wote. Na walipomwona Fundi anatolewa na alama nyekundu mikononi, na mimi mabuti mpaka magotini, mtu akasema kwa sauti, "Ni yule wa sinema!" Ikawa imekwisha. Wote walikuwa wameiona picha, kwa hiyo wote walikuwa wanajua mimi ni nani na dawa yangu ni nini.

"Mpige kofi, Fundi!" akaita Bonifasi. "Kofi moja tu atatulia!"

"Kofi! Kofi!" wakaitikia, wengine wanacheka, wengine hawacheki.

Baba mkwe akainua mkono, wakanyamaza. "Amekaa kwenye kigoda changu, amemfunga mwanangu, ana kisu," akasema. "Ama umpige hapa tukiona, ama arudi kwao leo. Chagua."

Sasa sikuwa naigiza tena. Neno moja langu lingeniokoa: ni yeye aliyeomba. Lakini ningelisema, yeye ndiye angekuwa kichekesho mpaka kaburini, nani angempelekea suruali ashone? Nikauma midomo. Nilimpenda, na nilikuwa namwogopa, kwa mara ya kwanza, maana mwanamume akizungukwa na wanaume wenzake humjui tena.

Akanisogelea mpaka nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa chini. Amepiga magoti kwenye vumbi, mbele ya baba yake, mbele ya katekista, mbele ya wateja wake wote.

"Niliomba mimi," akasema. "Yule wa kwenye picha alifungwa bila kuulizwa, na yule bibi alipigwa bila kuulizwa, nanyi mkashangilia. Huyu aliniuliza mara tatu. Niliposema basi, aliacha. Simpigi, na haendi popote."

Baba mkwe akaingia ndani, akatoka na kigoda chake kwapani, akaenda zake, mtumbwi wa rubisi akausahau. Mwaka mzima hakula mkononi mwangu. Fundi alipoteza wateja, nusu walirudi (hakuna aliyekata suruali kama yeye), nusu mpaka leo wanashona Ihanda. Na mimi nimeapa kwa yote ninayoamini: sifungi tena fundo la mbuzi kwa kiumbe asiye mbuzi, na komeo la mlango nalikagua mara mbili, hata nikiwa nachambua maharage tu.

Wiki iliyofuata mama mkwe alikuja peke yake. Nikampigia magoti, nikamtandikia nyasi mpya, akakaa, akatafuna punje za kahawa nilizompa, na mimi nawaza kaja kunifukuza. Mwisho akauliza bila kunitazama, "Mwanangu, ni kweli ulimuuliza mara tatu?"

"Ndiyo, mama."

"Na yeye kwanza alikuuliza kama utataka?"

"Aliniuliza, mama."

Akatikisa kichwa, akatafuna tena. "Mimi nina wajukuu," akasema. "Sijaulizwa hata mara moja."

Nilijiandaa kufukuzwa, sikujiandaa kwa hilo. Nikasogea nikakaa karibu naye, mpaka jua likapungua akasema anakwenda kumpikia mzee.