Nani Aondoke Kwanza

Miaka ile nilikuwa nikisafisha ofisi kule Kista, pembeni mwa Stockholm. Kwa Waswidi kazi ilikuwa rahisi: ikigonga saa kumi na moja jioni, hata panya humkuti. Shida yangu ilikuwa ghorofa ya nne, kwenye kampuni ya Wajapani. Walikuwa mzee mmoja, mkubwa wao, na vijana wanne, na hakuna aliyekuwa akiondoka. Nami nilikatazwa kuwasha mashine ya kufyonza vumbi watu wakiwa bado kazini.

Binti yangu alikuwa Hallonbergen, kituo kimoja tu kwa treni, akinisubiri shuleni. Walifunga saa kumi na mbili. Mara tatu nilimkuta yu peke yake na mwalimu, koti amevaa, kofia amevaa, kimya. Afadhali angelia, ningepata la kumwambia.

Jioni moja uvumilivu ukaniisha. Nikamuuliza kijana mmoja mbona haendi nyumbani na kompyuta ameshaizima. Akaninong'oneza, "Mkubwa hajaondoka." Nikaenda moja kwa moja kwa mkubwa mwenyewe. Akainuka, akainama kidogo kama alivyonisalimu kila siku, mimi mwenye ndoo, akasema, "Vijana bado wana kazi. Siwezi kuwaacha."

Kiswidi chetu sote wawili kilikuwa cha kuokoteza, lakini siku hiyo kilitosha.

"Mzee," nikamwambia, "kwetu Bukavu mtoto haondoki mezani kabla ya baba. Baba yangu alilijua hilo. Alikuwa akiinuka kabla hajashiba, ili sisi twende kucheza."

Nikadhani kazi nimeshaipoteza. Kesho yake, saa kumi na moja kamili, alivaa koti, akawaaga vijana kwa sauti ya kusikika na kila mtu, akatoka. Dakika tano hazikupita, ghorofa ikabaki tupu. Nilisafisha huku naimba mapambio. Binti yangu nilimkuta bado anachora, tena akaninunia kwa kuja mapema! Nilijiona mjanja kuliko wanawake wote wa Stockholm, na Jumapili mbili mfululizo nilisimulia kisa hicho baada ya ibada, watu wakacheka.

Wiki ya tatu tulirudi Kista, mimi na binti yangu, kumtafutia viatu vya baridi kwenye yale maduka makubwa. Ilikuwa inakaribia saa moja jioni. Kwenye benchi karibu na ngazi za umeme alikuwa ameketi yule mzee, mkoba magotini, kikombe cha karatasi kitupu pembeni yake. Mlinzi alipita akamsalimu kwa kichwa, kama mtu aliyemzoea pale. Hapo ndipo nilipoikumbuka picha iliyokuwa juu ya meza yake, picha niliyoipangusa kila siku bila kuiwaza: mke na watoto wawili, mbele ya nyumba ya huko kwao Japani. Hapa Stockholm alikuwa na wale vijana wanne tu, na mimi nilikuwa nimemtoa kwao. Niliona aibu, ikanipanda hadi masikioni.

Akaniona. Akainuka, akainama.

"Vijana wameondoka?" akauliza.

"Wameondoka wote, mzee."

"Vizuri," akasema, akaketi tena.