Niliiongezea Laptop Yake Kasi Nikijua Joto la Siakago Litaiua

Admin, nifichie jina. Hao wengine nimewabadilisha majina. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na tano, nina mke na watoto, naishi Meru. Hili sijawahi kumwambia mtu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta hapa mjini, wakati mafundi tulikuwa wa kuhesabika. Nilimpenda msichana anaitwa Karimi. Nikamtuma rafiki yangu Mutuma, afisa wa kilimo mwenye mdomo mtamu, aende kwao anitengenezee njia kwa baba yake. Alienda mara tatu. Ya nne nikasikia amejiposea mwenyewe! Nilipomuuliza alicheka: "Wacha wivu, bwana. Msichana amechagua." Nikameza. Harusini nilienda, nikala, nikapiga makofi, lakini moyoni niliapa huyu mtu atanilipa.

Muda si mrefu akahamishiwa Siakago, kule chini kwenye joto kali. Kabla ya kuondoka akaniletea laptop aliyokuwa akiandikia utafiti wake wa kuombea masomo ya ng'ambo. "Hii kitu ni slow sana," akasema. "Nasikia unaweza kuiongezea spidi. Iko na risk?"

Wateja wengine wote niliwaambia ukweli. Ukibadilisha miunganisho fulani kwenye bodi, mashine inakimbia kuliko kiwanda kilivyopanga, lakini inachemka, na laptop haina nafasi ya kupumua. Niliwaambia haifai, wavumilie tu. Yeye nilimtazama machoni nikamwambia, "Haina shida." Ilikuwa Julai, na Meru watu walikuwa wamevaa sweta mbili. Tukaijaribu, ikakimbia vizuri, akanipiga bega kwa furaha. Mimi nilikuwa nawaza jua la Siakago.

Mwisho wa Septemba ikazima kabisa na utafiti wote ndani, na mwenyewe hakuwa ameweka nakala kwenye diski hata moja. Masomo yakapita hivyo. Nisiwadanganye, siku hiyo niliagiza nyama choma nikala peke yangu, na ilikuwa tamu.

Kumbe Karimi alikuwa akiifunika ile laptop kwa kitambaa alichoshona, vile kina mama walivyofunika redio na TV. Mutuma akaamua ni kitambaa kilichoichoma. Amemwimbia hilo miaka yote. Akikosa cheo, ni kitambaa. Juzi kwenye harusi ya binti yao kule Embu, alishika maiki akasema, "Bila huyu mama na vitambaa vyake, saa hii mngeniita daktari!" Watu wakavunjika mbavu. Karimi aliinamia sahani yake.

Baadaye akanifuata nikinawa mikono. "Wewe ni fundi," akasema polepole. "Kitambaa kinaweza kuua kompyuta kweli? Niambie tu, nijue."

Nikamwambia, "Sijui."

Akaniachia namba ya simu, nikikumbuka chochote nimpigie. Jamani, kumwangusha Mutuma sijutii, hata leo ningemfanyia tena. Lakini huyu mama amebeba mzigo wangu zaidi ya miaka ishirini. Na aibu yangu kubwa ni hii: kila nikishika simu nimpigie, uso unaonijia ni wa Mutuma siku atakaposikia, na natabasamu.

Nyinyi mnaosoma hapa, msinionee huruma, niambieni tu: nipige, au nimwache aendelee kuamini ni yeye?