Alama Nyekundu ya Beseni

Wiki jana Mchina wa kutengeneza barabara alikuja kwangu Kibabii kununua mayai, akaona beseni ninamomwogeshea mtoto. Akagusa ile alama nyekundu, akasema ni neno la kwao. "Hii ngoma. Hii mdomo, naimba. Furaha! Kama harusi, andika mbili."

Mama alipewa beseni hilo na shangazi yake siku ya harusi yake. Nikiwa mdogo, pale Matisi, niliona katika alama hiyo wanawake wawili wamebanana wakicheka, kila mmoja na mzigo kichwani. Kwa hivyo alasiri ile baba alipoingia na msichana aliyenukia sabuni ya dukani, akasema, "Mama Nekesa, mletee mwenzako maji anawe," mimi sikushangaa. Beseni lilikuwa limeshaniambia. Nilisubiri tu mama acheke.

"Karibu," mama alisema. Nilisikia maji yakidondoka sakafuni kutoka mikononi mwake, basi. Akamletea maji katika beseni lile.

Sasa mume wangu naye ameniambia ati Jumamosi anamleta mwenzangu, nimwekee maji. Furaha mara mbili! Ya nani, bana? Tangu asubuhi nasugua hiyo alama kwa mchanga. Haitoki.