Nilipiga Muhuri Kura ya Binti Yangu

Nyinyi vijana wa kusema "Mama, peleka tu posta" halafu mnageuka mnaenda zenu, hiyo ni adabu gani? Mtu akiachiwa kazi aelezwe. Admin, ficha jina langu, lakini ukali wangu usiupunguze. Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja.

Mimi ni nyanya wa miaka sabini na mbili, mjane, niko Mboghoni, nalima ndizi. Shule niliachia darasa la nne. Lakini kikundi chetu cha akina mama mimi ndiye mwenyekiti, mwaka wa kumi na moja huu, na muhuri wa kikundi unalala kwangu, ndani ya kibeti. Huku kwetu karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia njugu. Nimerudishwa ofisini mara ngapi kwa sababu hiyo? Hilo mlishike.

Binti yangu ni nesi Amerika. Miaka mingi ameishi huko na karatasi za mgeni, mpaka juzi juzi akaapishwa kuwa raia. Hii ndiyo mara yake ya kwanza kupiga kura maishani, maana hapa aliondoka kabla hajajiandikisha. Akaja kuniuguza mguu, na kabla ya kuja aliomba wamtumie kura kwa posta, kupitia sanduku la kanisa letu. Ikafika. Akaijaza mezani kwangu, amenipa mgongo kama mtoto wa mtihani. Akaitia kwa bahasha ndogo, ile ndogo akaitia kwa kubwa, akaweka sahihi nje. Kisha simu ikalia: dada yake amejifungua Voi. Akaondoka kwenda kumkanda, akaniambia, "Mama, kesho peleka tu posta. Njiani inachukua wiki nyingi."

Nikaitazama ile bahasha. Sahihi moja, nyembamba kama mkia wa panya. Muhuri hakuna. Nikasema, hawa Wazungu watamrudisha mtoto wangu kama nilivyorudishwa mimi. Nikachemsha maji, nikaachisha gundi kwa mvuke, bahasha zote mbili. Nikapiga muhuri kila ukurasa, nikapiga na juu ya sahihi, nikakandamiza vizuri. Hata sikusoma amechagua nani, ningesoma ningewajua? Nikafunga kwa uji wa unga wa ngano, nikapanda boda na mguu wangu mbovu mpaka Taveta, nikaituma. Nilirudi naimba, sitawaficha.

Aliporudi baada ya siku nne nikamweleza kwa maringo. Hakupiga kelele. Aliketi juu ya gunia la mahindi, akaniambia polepole, kama anavyosema na wagonjwa wake: ile karatasi ya ndani haitakiwi kuwa na alama yoyote ya kumtambulisha mtu, na sahihi ya nje ndiyo wanayolinganisha na ile waliyo nayo. Ya nje nimeifunika, ya ndani nimeichafua, kwa jina la kikundi cha akina mama. Kisha akaniuliza.

"Mama, sahihi yangu haikukutosha?"

Nikamjibu kuwa nimezaa mtu wa kiburi. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Kesho yake nilirudi posta peke yangu, nikamwomba yule wa dirishani anirudishie barua. "Nyanya, gunia lilishaondoka," akasema, akaniletea kiti. Nikakaa. Nilikuwa sina pengine pa kwenda.

Binti alipiga simu kule. Wakamwambia anaweza kusema ya kwanza imeharibika, aombe nyingine kwa barua pepe, aichapishe, aijaze, aweke sahihi na kuirudisha kwa njia hiyo hiyo kabla siku yao ya kura haijapita. Hataki. Anasema imeisha. Ananiosha mguu, ananipikia, lakini haniongeleshi. Nimeamua ugomvi wa wake wenza hapa kijijini, huu wangu umenishinda. Na kumwombea hiyo kura nyingine siwezi. Sahihi inayotakiwa ni yake, si yangu wala ya kikundi.

Nyinyi mlio ng'ambo, mliowahi kuharibu moja mkaomba nyingine, niambieni nimwambie neno gani ainuke. Wa kucheka, fungeni midomo.

Na wewe mwanangu, najua huu ukurasa unausoma. Muhuri nimempelekea katibu asubuhi hii. Vaa viatu twende saiba, kule kwa kompyuta, wakuchapishie, uweke sahihi yako, peke yake.