Masika Niliyofukuzwa Jikoni

Homa yenyewe ilikuwa ya kawaida. Nilimeza klorokwini, nikawashwa mwili mzima kama tulivyowashwa wote na dawa ile, na wiki iliyofuata kila mtu uani akanipongeza kwa kupona. Kilichobaki ndicho hakikuwa na jina. Naamka asubuhi nimechoka kuliko nilivyolala. Nikichana nywele, mikono inakataa kubaki juu. Nikifua leo, kesho siwezi hata kukaa kitako, na redio ya jirani inanigonga kichwani.

Tulikuwa tumepanga chumba Kariakoo, nyuma ya soko, mimi na mume wangu aliyekuwa karani wa bohari. Ndoa ilikuwa na mwaka wa pili na mtoto hatujajaaliwa, kwa hiyo wanawake wa uani walipoona nalala mchana walifurahi, wakidhani nina mimba. Mimba haikuonekana, furaha ikaisha. Zamu yangu ya kufagia uani ilipopita bila kufagiwa, mpangaji wa chumba cha mbele akaniita kupe, neno ambalo siku zile redio ilikuwa ikiwapa matajiri na wanyonyaji. Mimi mwenye magauni mawili! Nilitamani kumjibu, ila hata ugomvi unataka nguvu.

Hospitali walinipima damu, wakaikuta safi. Daktari aliniambia sina ugonjwa wowote, na nadhani alitaka kunifurahisha. Nilirudi nyumbani nikilia, maana kama ugonjwa haupo, basi mbaya ni mimi.

Mume wangu hakuwa mtu mkorofi. Lakini alirudi kutoka kazini akakuta jiko la mkaa halijawashwa, akaenda kusimama kwenye foleni ya sukari katikati ya wanawake, na wenzake wakamcheka. Mwisho akatuma salamu kwao Lindi. Jibu likaja kwa mdomo wa msafiri: mama yake atakuja, atakaa kidogo, kisha ataondoka nami nikapumzike kwa wazazi wangu hukohuko kusini. Hakuna aliyetaja talaka. Ila kwetu mke anayepelekwa kwao kupumzika mara nyingi hupumzika moja kwa moja. Nami nilimpenda mume wangu na sikutaka kwenda.

Nikaamua kuwa mzima hadi mama mkwe aondoke. Siku aliyofika niliamka alfajiri, nikafagia uani mpaka penye zamu za wenzangu, nikakuna nazi, nikapika wali na samaki, nikamchotea maji ya kuoga.

"Shikamoo mama," nikapiga goti.

"Marahaba." Akanitazama juu hadi chini, halafu akamgeukia mwanawe. "Mbona mzima huyu? Umeniitia nini huku?"

Nilifurahi mno. Kesho yake sikuweza kuinua kikombe cha chai.

Alivuta kigoda akakaa karibu na kitanda. "Jana ulikuwa unaigiza, au unaigiza leo?"

"Siigizi, mama. Jana nilijikaza."

Akaguna. Kwa macho yake nilijua safari yangu imekwisha kupangwa.

Kisha masika yakaingia kwa kishindo. Rufiji ikafurika, pantoni ikasimama, na hakuna basi lililokwenda kusini. Mume wangu akahamia kulala kwa rafiki yake Msimbazi, mimi na mama mkwe tukabaki chumba kimoja, tukisubiri barabara ifunguke.

Alikuwa mtu wa amri. Alichukia uvivu, na alichukia zaidi tui lililochujwa ovyo. Nikikalia mbuzi na kufikisha nusu ya nazi, ananiinua: "Toka hapa, unaniharibia tui." Nikianza kufua, anaona dosari kwenye kola ya kwanza, ananifukuza kwenye beseni. Siku moja alininyang'anya ufagio mbele ya wapangaji wote. Mkwe kumpikia mkamwana wakati mkamwana kalala ni fedheha, na mimi nilikuwa nalala nimegeukia ukuta nikisikia sufuria zikigongana, nimejaa hasira na aibu. Wala hakuwa akinitibu. Alikuwa akilinda chakula cha mwanawe.

Ilinichukua muda kuona kilichokuwa kikitokea. Kabla hajaja, kila nilipopata nguvu kidogo nilizimaliza zote siku hiyohiyo ili uani waone mimi si mvivu, kisha nikalipia kitandani. Sasa nilikuwa nafukuzwa zikiwa bado zipo. Kesho yake sikuanguka. Nikafukuzwa tena, na tena sikuanguka. Nikaanza kuinuka mwenyewe kabla ya kufukuzwa, jambo lililomuudhi, kwa sababu alipenda kufukuza.

Niseme wazi kwamba sikupona kama mtu anavyopona homa. Kuna siku nilikwenda kununua mchicha, nikakuta foleni ya sabuni, tamaa ikanishika nikasimama hadi mwisho. Nikalala siku nyingi, nikaamini yote yamepotea. Hayakupotea, ila nilianza tena karibu na mwanzo. Hadi leo, miaka mingi baadaye, sijawa tena yule msichana aliyeweza kubeba ndoo mbili akiimba. Napika, nafua, nasafiri, na naacha kazi kabla haijaniacha mimi.

Mvua zikakatika. Jioni moja mume wangu akaja na habari kwamba mabasi yameanza kwenda. Mama yake alikuwa uani kwenye kigoda akichambua mchele, mimi nimekalia mbuzi nakuna nazi. Akasimama mbele yetu, akatazama chini, akauliza akate tiketi ngapi.

Mwili wote uliniambia nimalize nazi yote haraka haraka, wanione. Lakini mikono ilikuwa imeanza kuwa mizito, na nilikuwa nimekwisha kuujua uzito ule. Nikaweka kifuu chini, nusu nyeupe bado imo ndani, nikainuka nikakaa mkekani.

Mama mkwe alikitazama kifuu. Akanitazama mimi.

"Moja," akamwambia mwanawe. "Huyu hajapona, na nikimchukua atajikaza kwa mama yake kama alivyojikaza kwangu, watamzika. Kaa hapo. Nusu iliyobaki unakuna wewe."

Mume wangu akavua viatu vya kazini, akakalia mbuzi mbele ya watu wote wa uani, magoti juu, huku mpangaji wa chumba cha mbele akitoka mlangoni kuja kutazama.