Muziki Unaojipandisha Wenyewe

Mpaka leo nikiona mtu anakimbia na vidude masikioni, nashikwa na hasira. Vyangu nilivinunua mjini kati, na muuzaji alivisifia kama anayeoza binti yake: barabara ikiwa na kelele, muziki unajipandisha wenyewe, kukitulia, unashuka. "Utakimbia bila kugusa kitu, patroni." Nikafurahi kama mjinga.

Jumamosi asubuhi mtaa wetu wa Kanyosha hukimbia pamoja, wawili wawili, tukipanda hadi Kinanira huku tunaimba. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Wageni hudhani ni furaha tu. Kumbe wimbo ndio kipimo chetu: mwenzako akishindwa kuitikia, pumzi imemwishia, nawe unainua mkono ili kundi lote lipunguze mwendo. Mwenzangu alikuwa kaka yangu mkubwa, fundi wa magari, mtu wa presha, aliyeambiwa na daktari afanye mazoezi. Mke wake alinikabidhi mlangoni. "Umuangalie, shemeji. Usimuache."

Nami nilikuwa nimeuchoka wimbo wetu, ule ule kila wiki. Nikavaa vidude vyangu. Tulipofika mlimani watu wakaimba kwa nguvu zaidi, na muziki wangu nao ukapanda, ukawafunika wote. Nikawa natikisa kichwa juu chini kwa raha zangu.

Nilipogeuka, pembeni yangu hapakuwa na mtu. Kaka alikuwa amelala ukingoni mwa barabara, na mama mmoja wa mstari wa nyuma, mfanyakazi wa serikali, amepiga magoti anamfungua zipu ya koti. Aliyatazama masikio yangu, akarudi kwenye zipu. Afadhali angenitukana!

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uongo. Mimi miguu yangu mizima, aliyeanguka ni mkuu mwenyewe. Hakufa, namshukuru Mungu, lakini tangu kiharusi kile mkono wake wa kulia haushiki spana tena. Gereji anakaa kwenye kiti, anaelekeza wengine kazi aliyoifanya tangu ujana wake. Nimemlaani muuzaji, nimemlaani aliyebuni upuuzi ule, vidude nimevitupa chooni. Hasira haijapungua hata kidogo, kwa sababu nani alivivaa? Ni mimi.

Siku ya tatu hospitali ndipo alipoweza kuzungumza vizuri. Nilitamani anigombeze. Aliongea taratibu, kama anayenieleza kasoro ya injini.

"Nilikuita, mudogo wangu. Ya kwanza polepole. Nikaona hausikie, nikaita na nguvu."

Na kadiri alivyoita kwa nguvu, ndivyo mashine ile ilivyoniongezea muziki.

"Ukatikisa kichwa," akasema. "Nikajua umesikia. Njo maana nikaendelea kukimbia, nikingoja uinue mukono."