Kimaiyo na Vibanda Vitatu

Kimaiyo alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyamaliza kwa ng'ombe wake. Aliishi chini ya mlima wa Londiani pamoja na mkewe, Chepchirchir, kwenye ardhi ya msitu, ambako serikali ilimruhusu kulima kati ya miche yake na kufuga ng'ombe watano, si sita. Mwisho wa juma aligeuka kuwa neapara wa wapagazi. Wazungu wa chama cha kupanda milima walikuja kwa gari kutoka Nakuru, naye akawatafutia watu wa kubeba mizigo, akaonja uzito wa kila mzigo kwa kuuinua kwa mkono mmoja, kisha akatangulia njiani. Miaka hiyo milima ya mashariki ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita vya msituni. Kwa hiyo kila mzungu aliyekuwa na buti nzuri na hamu ya kutetemeka alikuja kutetemekea huku kwetu.

Mfukoni mwa koti lake Kimaiyo alikuwa na kamba ya katani, imekunjwa vizuri. Urefu wake ulikuwa urefu wa mtu mmoja aliyeitwa Khisa.

Khisa alikuwa Mbukusu mrefu, mwenye kucheka kwa sauti, kibarua wa reli mjini Nakuru. Siku zake za mapumziko alikuja kubeba mizigo ili apate cha kuwapelekea watoto. Mwezi wa Julai mwaka wa 1954 msafara ulilala kwenye uwanda ulio na kijito, katikati ya msitu. Wazungu walilala ndani ya kibanda cha zamani kilichokuwa pale, na wapagazi wakalala nje chini ya turubai. Asubuhi nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Khisa alianza kukohoa wakiteremka, na siku ya tisa alifariki Nakuru kwa homa ya mapafu. Ndugu zake walikuwa bado kwenye gari la moshi, kwa hiyo Kimaiyo ndiye aliyeupima mwili na kupeleka kipimo kwa seremala wa majeneza. Seremala alipomaliza kazi alimrudishia kamba yake, naye hakuweza kuitupa.

Lakini si kamba iliyomkosesha raha. Kilichomkosesha raha ni kwamba jioni ile aliulizwa. Mwenyekiti wa chama alimwuliza kama pale ni mahali pazuri pa kulala, naye akajibu, ndiyo bwana. Yeye, mwana wa wafugaji, aliyejua tangu utotoni kwamba baridi hushuka na kujaa bondeni kama maji kwenye karai, alisema ndiyo kwa sababu ndiyo ndilo jibu alilozoea kumpa mzungu. Alijichukia kwa neno hilo. Akaapa kwamba maadamu yeye ni neapara, hakuna mpagazi atakayelala nje tena kwenye mlima ule.

Kuapa ni rahisi. Miaka mitatu alitimiza kiapo chake kwa ujanja, akihakikisha kila msafara unapanda na kuteremka siku hiyo hiyo, mara akisingizia mvua, mara akisingizia nyati. Ndipo mwaka wa 1957 chama kikaamua kuwa na kibanda chake. Ofisi ya msitu ilikubali kuwapa kimoja kati ya vitatu vilivyoachwa mlimani, wao wenyewe wakitengeneze, watie mabati mapya na vitanda.

Cha kwanza kilikuwa juu kabisa, kimejengwa na wapimaji wa ardhi. Ukisimama mlangoni pake siku isiyo na ukungu unaona nusu ya nchi, lakini upepo nao unakuona wewe. Cha pili ndicho kile cha uwandani, karibu na kijito, penye maua. Cha tatu kilikuwa begani mwa mlima, katikati ya hivyo viwili. Kilikuwa ghala la wapasua mbao, kirefu, cheusi kwa moshi, na kilinuka popo. Hakuna mzungu aliyewahi kukitazama mara mbili.

Mwenyekiti alikuwa daktari wa meno. Wapagazi walimwita Bwana Meno, bila ubaya wowote, maana hakuwa mtu mbaya. Mpishi wake, Nyongesa, ambaye pia alikuja mlimani kubeba sufuria, ndiye aliyeleta habari. Alikuwa ameuona mchoro juu ya meza alipokuwa akiandaa chakula. Bwana Meno alikwishachagua kibanda cha uwandani. Ndani vitanda vinane, mbele baraza ya kunywea chai, na kwa ajili ya wapagazi, turubai jipya.

Nyongesa alimwonya Kimaiyo, rafiki yake, mapema. Alimkumbusha kwamba neapara anayebishana na wazungu hurudi kuwa mtu wa kawaida jioni hiyo hiyo, na kwamba kibali cha kukaa msituni nacho ni karatasi tu. Kimaiyo alipanda hadi kwenye kibanda cha begani peke yake, akakipima ndani kwa ile kamba. Watu kumi na sita wangelala humo wamenyoosha miguu.

Alimweleza mkewe, na Chepchirchir akamwuliza kitu kimoja tu: nyumba hii tunayokaa, nani aliyeichagulia mahali? Kimaiyo akaanza kucheka. Ilikuwa ni ng'ombe. Baba yake alipohamia pale aliwaachilia ng'ombe wajiendee, asubuhi akatazama walipolala. Ng'ombe akiachwa huru hulala pakavu, pasipo upepo, pasipo na baridi ya kuganda, na hapo ndipo mtu hujenga. Ndivyo watu wao walivyofanya siku zote, wala hawakuona ni jambo la kuandikia barua.

Basi Jumamosi moja ya Julai msafara ulipanda mlima ukiwa na wazungu wanne, wapagazi wanane na ng'ombe watano. Bwana Meno alifurahi sana. Alipenda majaribio, na Kimaiyo alipomweleza kwamba mahali ng'ombe watakapokutwa wamelala asubuhi ndipo pa kibanda, alikubali palepale na kuwatafsiria wenzake, wakacheka mpaka wakasimama njiani. Kimaiyo aliomba jambo moja zaidi, wapagazi walale kwenye ghala la begani. Kwa kuwa wazungu wangelala kwenye kile cha uwandani, aliruhusiwa.

Saa kumi alasiri aliwaachilia ng'ombe pale begani. Yule mweusi mwenye pembe moja, kiongozi wao, alinusa upepo, akageuka, akateremka moja kwa moja hadi uwandani. Wenzake wanne wakamfuata. Walipofika kando ya kijito walisimama hapo hapo, mbele ya kibanda cha Bwana Meno, kana kwamba wamealikwa.

Wazungu walipiga makofi. Bwana Meno alikuja kumpa Kimaiyo mkono, akamwambia kwa upole kwamba basi, mambo yamekwisha. Kimaiyo aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Nyongesa alitazama pembeni. Ndipo Kimaiyo alipowaona ng'ombe wameinamisha vichwa, hawali nyasi, wanaramba ukingo wa kijito, na akajua kosa lake. Pale palikuwa na udongo wa chumvi. Mwezi mzima hakuwa amewapeleka ng'ombe kuramba chumvi, na baba yake asingefanya upuuzi huo. Mzee aliwashibisha chumvi kwanza, ndipo akawaachilia wachague.

Hapo angeweza kunyamaza. Ingekuwa ni ile ndiyo ya zamani, ila safari hii bila sauti.

"Bwana," alisema, "hawa wanaramba chumvi tu. Hawajalala bado."

Bwana Meno alimtazama, akatabasamu. "Haya. Mimi nangoja asubuhi."

Kulipokucha Kimaiyo alisikia pumzi nzito nyuma ya ukuta wa ghala. Alitoka nje. Ng'ombe wote watano walikuwa wamelala upande usio na upepo, wakicheua, yule mweusi ameegemea mbao kabisa. Walikuwa wameramba chumvi yao wakashiba, wakapanda kurudi kulala. Kimaiyo alimpapasa yule mweusi kati ya macho, akaenda kuchemsha chai.

Aliteremka na birika la chai. Uwanda ulikuwa mweupe wote, na ndoo ya maji ilikuwa na kifuniko cha barafu. Wazungu walikuwa nje wamejifunga mablanketi, wakikanyagakanyaga chini. Bwana Meno alishika kikombe kwa mikono miwili na bado chai ilimwagika. Kimaiyo aliwangoja wanywe, kisha akawapandisha hadi begani, ambako wapagazi walikuwa wamekaa mlangoni na shati tu. Alimwinua yule ng'ombe mweusi, akamwambia Bwana Meno aguse ardhi aliyoilalia. Ilikuwa kavu na yenye joto. Akamwambia aguse na pembeni, ambapo hakuna aliyelala, na hapo pia palikuwa pakavu.

Bwana Meno alikuwa mtu wa haki katika majaribio. Alikubali mbele ya wote kwamba kibanda ni hiki. Akatoa mchoro wake mfukoni, akaanza kuugeuza kwa kalamu: vitanda vinane huku, meza pale, na turubai la wapagazi nyuma ya ukuta, hapo hapo walipolala ng'ombe, kwa kuwa sasa imejulikana pana joto.

Nyongesa alifumba macho. Kimaiyo alivua kofia.

"Bwana, mwaka ule uliniuliza kama pale chini ni pazuri, nikakwambia ndiyo. Nilijua si pazuri. Nilikudanganya, na Khisa akafa. Leo ile ndiyo naifuta. Wapagazi watalala ndani, karibu na moto, ama utafute neapara mwingine."

Bwana Meno alikunja uso kama mtu anayetafuta kitu katika nyumba isiyo yake.

"Khisa nani?" aliuliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Hakumjua. Mtu alikuwa amembebea mablanketi mlima mzima, akafa, na jina lake halikuwahi kumfikia. Kimaiyo alihisi hasira, kisha akahisi huzuni. Akatoa kamba mfukoni. Alimpa Nyongesa ncha moja, yeye akashika nyingine, wakaivuta, wakailaza chini kwenye vumbi mbele ya buti za Bwana Meno.

"Huyu," alisema.

Bwana Meno akachutama, akaweka kidole mahali pa kichwa, akauliza ni lini, na wapi, na kama alikuwa na watoto. Kimaiyo alimjibu yote. Hakumwambia ndiyo hata mara moja pasipostahili.

Kibanda kilimalizika mwezi wa Novemba. Kina chumba kimoja kirefu na meko katikati, wazungu upande huu, wapagazi upande ule. Seremala wa chama alitaka kupunguza vitanda vya wapagazi ili mbao zitoshe, lakini Kimaiyo aliweka kamba juu ya kila kimoja kabla hakijapigwa msumari. Usiku wa kwanza Nyongesa, ambaye ni mfupi kuliko wote, alilalamika kwamba kitanda chake ni kikubwa mno, miguu haifiki popote. Kimaiyo alimwambia asogee ukutani na alale.